Wanakuita wakisema ghala limejaa: uzi wa sisi washauri wa maghala na ugavi

Mzee wa Rafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Wiki hii watu watatu wameniandikia pembeni wakiuliza hii kazi ya ushauri wa maghala na mnyororo wa ugavi inafanywaje. Mmoja aliuliza kwa ukali kidogo: "Hivi nyinyi mnalipwa kwa kuwaambia watu wapange mzigo vizuri?" Nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja nilete uzi. Nilianza kama karani wa mapokezi, nikawa msimamizi wa zamu, nikafika umeneja wa usambazaji, halafu nikaacha ajira nikawa mshauri. Nitasimulia kazi moja tu. Tarakimu nimezizungusha kidogo ili mteja asijulikane, ila mambo yalikwenda hivyo hivyo.

Mteja alikuwa msambazaji wa vipuri. Ombi lake lilikuwa moja: nimchoree ghala la pili. La kwanza limejaa, mzigo unalala kwenye vichochoro, foklifti zinapishana kwa tabu, na mwenye jengo la jirani yuko tayari kupangisha. Alishaamua. Alichotaka kwangu ni ramani na mtu wa kumtetea mbele ya bodi.

Siku ya kwanza sikufungua kompyuta. Nilivaa buti, nikasimama mlango wa kupokelea mzigo tangu lori la kwanza hadi la mwisho. Taiichi Ohno wa Toyota anasimuliwa kwamba alikuwa akichora duara la chaki sakafuni na kumsimamisha mhandisi humo kwa saa kadhaa aangalie tu. Mimi sina chaki, lakini kusimama nimesimama sana. Siku ya pili nikaomba namba mbili: kwa kawaida mna paleti (yale majukwaa ya kubebea mzigo) ngapi ndani, na zinatoka ngapi kwa siku? Ndani 6,000, zinatoka 120.

Hapo kazi nusu imeisha. Mtafiti John Little alithibitisha mwaka 1961 kanuni ambayo mtu wa stoo anaweza kuipiga kwa vidole: vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya vinavyopita mara muda ambao kila kimoja kinakaa. Gawa 6,000 kwa 120, unapata siku 50. Yaani paleti ya wastani inakaa humo siku 50. Nikauliza: mgavi wenu mkuu huchukua muda gani kuleta mzigo? Wiki mbili. Sasa kama mzigo mpya unafika ndani ya siku 14, hizi siku 50 ni za nini?

Nikaomba orodha ya tarehe ambayo kila paleti iliguswa mara ya mwisho. Paleti 1,900 hazikuwa zimeguswa kwa zaidi ya mwaka. Karibu theluthi ya ghala ilikuwa makaburi. Vipuri vya mashine ambazo wateja wao walishaacha kuzitumia, kimoja hata mtengenezaji alishafuta namba yake.

Wale waliokuwa wanasema "ghala limejaa" hawakuwa waongo. Lilikuwa limejaa kweli. Ila huwezi kutibu mzigo uliolala kwa kuujengea chumba cha pili cha kulala.

Nitarudi kueleza kwa nini ulilala, maana hapo ndipo mambo yalipokuwa machungu. Maswali yaleteni.

---

KaraniWaUsiku

Mzee, nakuheshimu, lakini niseme ukweli wa sisi wa sakafuni. Huwa mnakuja, mnatuuliza "unaona shida iko wapi?", tunawaambia, mnaandika kwenye kijitabu. Mwezi ukiisha yale maneno yetu yako kwenye ripoti yenye jalada zuri na bosi anayashangilia kama vile yameshuka kutoka mbinguni. Sisi tulimwambia miaka miwili hakusikia. Je, ripoti zenu huwa zinasema nani aliyasema kwanza?

---

Mauzo Tu

Hahaha, Karani amemkaba kooni mapema.

---

Mzee wa Rafu

Karani, sina utetezi mzuri. Ni kweli. Kwenye kazi nyingi jibu lilikuwa tayari liko kwa mtu wa zamu, na kazi yangu ilikuwa kulibeba ghorofani likiwa na hesabu nyuma yake. Siku hizi naandika: "hoja hii ilitolewa na timu ya mapokezi." Wapo mabosi wanaoniomba niifute hiyo sentensi. Siifuti.

Lakini acha nikuongezee silaha dhidi yangu mwenyewe. Kwenye kazi hiyo hiyo ya vipuri nilifanya kosa ambalo mkusanyaji wa oda alinionya kabla.

Baada ya kushughulikia mzigo uliolala tukaingia kwenye ukusanyaji wa oda. Ukimfuata mkusanyaji na saa mkononi utaona muda wake mwingi unaishia miguuni: anatembea kuliko anavyoshika bidhaa. Dawa yake inafundishwa kila mahali: panga bidhaa kwa madaraja. Zile chache zinazoombwa sana, yaani daraja A, zikae karibu na mlango wa kutokea, tena kwenye usawa wa kati ya kiuno na bega ili mtu asiiname wala asipande ngazi. Hesabu ya madaraja A, B na C ni ya siku nyingi, H. Ford Dickie wa General Electric aliiandikia mwaka 1951. Nami nikafanya hivyo kwa bidii ya mwanafunzi. Nikahamishia zote za daraja A kichochoro cha kwanza.

Dada mmoja mkusanyaji akaniambia: "Mzee, hapo tutagongana." Nikamjibu kwa heshima kwamba umbali utapungua sana. Umbali ulipungua kweli. Jumatatu saa tatu asubuhi walikuwa watu tisa na vitoroli tisa kwenye kichochoro kimoja, kila mmoja akimsubiri mwenzake amalize, na foklifti ya kujaza rafu iko nyuma yao inapiga honi. Oda kwa saa zikashuka chini ya pale tulipoanzia. Ramani yangu ilipima hatua tu, haikuwa na sehemu ya kuandika foleni.

Tulizitawanya zile A kwenye midomo ya vichochoro vinne, na kujaza rafu kukahamishiwa kabla ya zamu kuanza. Aliyeamua bidhaa gani iende mdomo upi ni yule dada.

---

BiLeja

Rudi kwenye zile paleti 1,900. Mimi ni mhasibu, nataka kusikia utakavyotusingizia sisi.

---

Mzee wa Rafu

Sitawasingizia, Bi Leja, ingawa mlikuwemo.

Ukiuliza "nani alinunua hivi vitu?" kila mtu anamnyooshea kidole mnunuzi. Nikamfuata. Alikuwa mtu makini, faili zake safi. Kumbe alikuwa anapimwa kwa kitu kimoja: bei ya kipande. Akiteremsha bei, anapata nyongeza ya mwisho wa mwaka. Mgavi anampunguzia bei akinunua nyingi, basi ananunua nyingi. Gharama ya rafu, ya foklifti, ya bima na ya vitu kuoza inakaa kwenye bajeti ya idara nyingine. Yeye alifanya kile hasa alichoajiriwa kufanya.

Hapa huwa nawakumbusha watu kwamba swali la "ninunue ngapi kwa mpigo" si geni. Mhandisi Ford W. Harris aliliandikia fomula mwaka 1913: zidisha mahitaji ya mwaka kwa gharama ya kuagiza mara moja, zidisha kwa mbili, gawa kwa gharama ya kukitunza kipande kimoja mwaka mzima, kisha tafuta kipeo cha pili. Fomula ina mapungufu yake, ila ina adabu moja ambayo kampuni nyingi hazina: inalazimisha gharama ya kununua na gharama ya kutunza zikae meza moja. Pale kwa mteja wangu zilikuwa kwenye majengo mawili.

Na nyinyi watu wa leja? Zile paleti zilikuwa zimeandikwa kwenye vitabu kwa bei ya kununulia, kama mali kamili. Kuziuza kwa bei ya chuma chakavu kungeleta hasara kwenye hesabu za mwaka ule. Meneja wa fedha hakutaka hasara hiyo itokee kwenye zamu yake. Aliyemtangulia hakutaka pia. Kwa hiyo kila mwaka waliendelea kulipa kodi, ulinzi na umeme kulinda vitu visivyo na mnunuzi, ili karatasi ionekane nzuri.

Ndiyo maana nasema kazi hii si kupanga mzigo. Mkutano mgumu kuliko yote ulikuwa wa dakika 40 na watu wanne, na hapakuwa na boksi hata moja mle chumbani. Walikubali kuzifuta zile paleti vitabuni kwa mafungu matatu. Ghala la pili halikufunguliwa. Mimi nililipwa ada ndogo kuliko ile ambayo ningelipwa kwa kuchora ghala jipya, na mwenye jengo la jirani hanisalimii.

---

BiLeja

Nimekaa kimya kwa sababu mwaka huu nimesaini karatasi ya namna hiyo. Ila niongeze: kanuni za uhasibu zenyewe zinataka stoku iandikwe kwa gharama yake au kwa thamani halisi inayoweza kupatikana ikiuzwa, ile iliyo ndogo. Tatizo si kanuni. Ni nani atakayenyanyua mkono na kusema "hii haiuziki."

---

Mnunuzi Mkavu

Umenitetea kidogo, nashukuru. Sasa upande wangu. Mimi naweka akiba kubwa kwa sababu nikiishiwa kitu kimoja tu simu zinaanza saa moja asubuhi. Hakuna aliyewahi kunipigia kunipongeza kwamba stoku ni ndogo. Na watu wa mauzo makadirio yao ni ndoto. Nifanyeje kama siyo kujaza?

---

Mzee wa Rafu

Mkuu, tuifanyie hesabu hiyo hofu yako, maana ni hofu halali, ila mara nyingi inamlaumu mtu asiyehusika.

Chukua bidhaa moja. Inatoka vipande 100 kwa siku, ikipanda na kushuka kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha kuyumba kuzunguka wastani) wa 20. Mgavi analeta baada ya siku 9, haendi mbele wala nyuma. Unataka usiishiwe kwenye mizunguko ya kuagiza 95 kati ya 100, na kipimo cha takwimu cha kiwango hicho ni 1.65. Akiba ya tahadhari ni 1.65 mara 20 mara kipeo cha pili cha 9, ambacho ni 3. Jibu: vipande 99. Ni mzigo wa siku moja tu.

Sasa mwache mteja vile vile, mbadilishe mgavi. Wastani wake bado siku 9, lakini mara anakuja siku ya 6, mara ya 12, mkengeuko wa siku 3. Ukiingiza hiyo kwenye hesabu, akiba inaruka hadi kama 505. Mara tano! Watu wa mauzo hawajagusa kitu. Vile vipande 400 na ushee vya ziada kwenye rafu yako ni picha ya mgavi asiyeshika tarehe.

Kwa hiyo kabla ya kugombana na mauzo, chukua oda 30 za mwisho za kila mgavi, andika tarehe aliyoahidi na tarehe aliyofika. Jedwali la safu mbili tu. Nimewahi kukuta mgavi "ghali" ambaye tukihesabu na akiba aliyotuokolea, ndiye alikuwa rahisi kuliko wote.

---

Mauzo Tu

Nami nimetajwa, basi nijibu. Makadirio yangu ni ndoto kwa sababu stoo wananidanganya! Kila mkutano wanaonyesha asilimia 98 ya upatikanaji. Halafu wateja wangu karibu mmoja kati ya watano anapokea oda pungufu. Nani mwongo?

---

Mzee wa Rafu

Hakuna mwongo. Mteja wako anaagiza mistari mingapi, yaani bidhaa tofauti ngapi, kwa oda moja?

---

Mauzo Tu

Kama kumi hivi.

---

Mzee wa Rafu

Stoo wanapima kila mstari. Mteja anapima oda nzima. Kila mstari ukiwa na nafasi ya 0.98 ya kupatikana, oda ya mistari kumi kutoka kamili ni 0.98 ikizidishwa yenyewe mara kumi, ambayo ni kama 0.82. Oda 18 kati ya 100 zinatoka na pengo. Ndiyo huyo mmoja kati ya watano wako. Na bado hatujahesabu kama lori limefika kwa wakati.

Ushauri wangu kwa kampuni yoyote: kabla ya kununua chochote, kaeni mkubaliane maana ya "tumefanikiwa kuhudumia." Nimeshuhudia idara mbili zikinuniana kwa muda mrefu kwa sababu ya kipimo, zote zikiwa na takwimu sahihi.

---

Geti Namba Mbili

Mimi nasimamia geti. Milango ya kushushia tunayo michache, na bosi anajisifu kwamba inafanya kazi asilimia 95 ya muda, "hakuna kulala." Malori nje ni msururu. Madereva wananitukana mimi. Mshauri mmoja alikuja akasema tuongeze kasi ya vibarua.

---

Mzee wa Rafu

Pole sana ndugu yangu wa geti. Huyo bosi anajisifia ugonjwa.

Chukua mlango mmoja, malori yanafika bila mpangilio, na kushusha kunatofautiana muda, kwa wastani saa moja. Hesabu ya foleni inasema hivi: mlango ukiwa na kazi asilimia 80 ya muda, lori litasubiri kwa wastani saa 4 kabla ya kuanza kushushwa. Ukifika 90, saa 9. Ukifika 95, saa 19. Kutoka 90 hadi 95 bosi anaona ameongeza asilimia 5 tu. Dereva anaona ameongezewa saa 10.

Ukiwa na milango kadhaa inayogawana foleni moja hali inakuwa nafuu, ila umbo la mkunjo ni lile lile: linapanda taratibu, halafu ghafla linakuwa ukuta. Kuna jambo jingine watu husahau: foleni haitokani na wingi peke yake, inatokana na kufika ovyo ovyo. Ndiyo maana ratiba ya miadi kwa malori mara nyingi inashinda kuongeza mlango. Idadi ya malori ni ile ile, vibarua ni wale wale, ila hayaji yote saa mbili asubuhi. Anza na wagavi wako wakubwa watano, wape saa maalumu, na anayefika kwa miadi ashushwe kwanza hata kama msururu ni mrefu. Wiki ya kwanza utatukanwa zaidi. Vumilia.

Kuongeza kasi ya vibarua siiungi mkono hata kidogo. Foklifti na watu waliokimbizwa ni ajali inayosubiri tarehe.

---

Mhitimu Mpya

Shikamoo Mzee. Nimemaliza chuo, ugavi. Nataka kuwa mshauri moja kwa moja. Nianze na cheti gani, na unatozaje?

---

KaraniWaUsiku

Anza na zamu ya usiku, mdogo wangu.

---

Mzee wa Rafu

Marahaba. Karani amejibu vizuri kuliko nitakavyojibu, ila ngoja niongeze.

Vyeti vipo na havidhuru. ASCM, chama cha wataalamu wa ugavi ambacho zamani kilijulikana kama APICS, kina cheti cha CPIM kwa upande wa mipango na stoku na CSCP kwa mnyororo mzima. Vyeti vya CIPS ni vya ununuzi, vya CILT ni vya usafirishaji na lojistiki. Vitakufungulia mlango wa usaili. Sakafuni haviulizwi. Pale utaulizwa kama unajua kwa nini paleti ya milimita 1,200 kwa 1,000 haikai vizuri kwenye rafu iliyopimwa kwa ile ya Ulaya ya 1,200 kwa 800, na kwa nini kontena la futi 20 linaingiza za Ulaya 11 lakini za ile pana kidogo 10 tu. Mambo haya yanaingia kwa mwili. Fanya kazi mapokezi, fanya ukusanyaji wa oda, fanya hesabu ya stoku usiku wa manane. Miaka mitatu minne hivi.

Ada: ninatoza kwa siku kwa uchunguzi wa awali, halafu bei ya jumla kwa kazi yenye mipaka iliyoandikwa. Kuna wateja watakwambia "chukua asilimia ya tutakachookoa." Masikio yanasimama, najua. Nilikubali mara moja. Nilipomaliza tukabishana wiki sita juu ya neno "kuokoa": je, nafasi iliyobaki wazi ni akiba kama kodi inalipwa vile vile? Je, kibarua aliyehamishiwa idara nyingine ameokolewa? Kibaya zaidi nilijikuta napendekeza yanayohesabika haraka na kuyaacha yenye faida ya polepole. Sikupenda mtu niliyekuwa.

Jambo lingine ambalo chuo hakisemi: mara nyingi mteja anakuajiri ili useme alichokwisha kuamua. Ukikubali, utakula. Ukikataa kila mara, utalala njaa. Mimi huandika kwenye barua ya makubaliano kwamba wiki mbili za kwanza ni za kupima tu, na kwamba jibu linaweza kuwa "msifanye kitu." Wanaokataa sentensi hiyo tunaagana mapema, bila ugomvi.

---

Mnunuzi Mkavu

Na hizi programu za ghala? Sisi tumenunua kubwa, ina kila kitu. Bado kompyuta inasema vipo 40 na rafu iko tupu.

---

Mzee wa Rafu

Tangu bakodi ya kwanza ya UPC (ile ya bidhaa za madukani) isomwe dukani Juni 26, 1974, pale Troy, Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya chingamu, mashine imekuwa ikisoma kilichobandikwa. Haijui kilichomo.

Nimeona chanzo cha "40 hewa" kikiwa kimoja kati ya mambo machache. Katoni ilisajiliwa kama kipande, kwa hiyo ukitoa katoni moja ya vipande 12 mfumo unatoa kimoja. Mzigo umehamishwa rafu "mara moja tu" kupisha mwingine, hakuna aliyeandika. Zilizorudishwa na wateja zimeingizwa kwenye mfumo kama nzima, kumbe zimevunjika ziko kwenye kona. Au mapokezi wanasaini hati ya dereva bila kuhesabu kwa sababu foleni ni ndefu (msalimie wa Geti).

Usisubiri hesabu ya mwisho wa mwaka. Ile ya kufunga ghala siku mbili na kuwakosesha watu usingizi inatengeneza makosa mapya. Hesabu kidogo kila siku: daraja A mara nyingi, C mara chache. Na ukikuta tofauti, usikimbilie kurekebisha tarakimu. Kurekebisha ni kufuta nyayo za mwizi. Uliza kwanza tofauti ilizaliwa lini, mikononi mwa hatua gani. Tofauti kumi za mwanzo zitakuchosha. Kuanzia ya kumi na moja utaanza kuona zina baba mmoja.

---

BiLeja

Swali la mwisho toka kwangu. Kuna wakati mauzo ya dukani yametulia kabisa, lakini oda zinazotufikia sisi wasambazaji zinaruka kama chura. Ndiyo yale mambo ya mjeledi?

---

Mzee wa Rafu

Ndiyo yenyewe. Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, aliyaeleza mwaka 1961. Mfano unaopendwa ni wa Procter & Gamble na nepi za Pampers: watoto wanatumia nepi kwa mwendo ule ule, ila kadiri unavyorudi nyuma kwenye mnyororo ndivyo oda zinavyoyumba zaidi. Mwaka 1997 mtafiti Hau Lee na wenzake wakataja vyanzo vinne: kila ngazi kukadiria upya kwa kutazama oda za aliye mbele yake tu, kuagiza kwa mafungu makubwa, bei za ofa zinazokuja na kuondoka, na watu kuagiza mara mbili wakisikia bidhaa inaadimika.

Angalia hivyo vinne: hakuna hata kimoja cha mteja wa mwisho. Vyote tunavitengeneza sisi. Ukiweza kumshawishi muuza duka akuonyeshe mauzo yake badala ya oda zake, umepata zaidi ya programu yoyote. Hawakubali kirahisi, na sababu zao zina mashiko.

---

KaraniWaUsiku

Mzee, bosi wetu naye ameanza kusema ghala limejaa. Nisimamie nini kabla hawajaleta mshauri? Samahani, kabla hawajakuleta wewe.

---

Mzee wa Rafu

Haha. Chagua kichochoro kimoja tu. Bandika stika ndogo kwenye kila paleti, andika tarehe ya leo. Usimwambie mtu. Mzigo mpya ukiingia usiubandike. Rudi baada ya wiki nane uhesabu stika zilizobaki, na utazame ziko kwenye nini. Usipeleke maoni kwa bosi. Peleka stika.

---

KaraniWaUsiku (wiki nane baadaye)

Nimerudi kama ulivyoniambia. Kichochoro cha saba, paleti 212 nilizibandika. Jana usiku nimehesabu, stika 83 bado zipo. Mtu wa zamu ya mchana alidhani ni za ukaguzi akawa anazipangusa vumbi.

Kitu kilichonichekesha: paleti nne kule mwisho, ngazi ya juu kabisa, zina maandishi ya maka peni ambayo niliyatambua. Ni mwandiko wangu. Wiki yangu ya kwanza kazini.

---

Mzee wa Rafu

Zina nini?

---

KaraniWaUsiku

Kadi za stoo. Tupu. Zililetwa mwezi ule ule tulipoanza kutumia bakodi.